Mpishi Naye Aitwe Kliniki

Katika kliniki nyingi za kisukari ushauri wa chakula hutolewa asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye mabenchi wanasubiri kupimwa. Muuguzi au ofisa lishe husimama mbele yao na kusema yale ambayo wengi wameshayasikia: punguza wanga, acha sukari, kula mboga za majani kwa wingi, tembea. Wanaitikia. Kisha mzee wa miaka sitini na tano anarudi nyumbani, anakaa mkekani, na kutengewa kile kile alichokula jana, kwa sababu aliyeambiwa apunguze wanga siye anayesonga ugali.

Dawa huandikwa kwa jina la mgonjwa, na ndivyo inavyotakiwa. Chakula hakiandikwi jina la mtu. Katika nyumba nyingi mwenye kisukari ni baba, bibi au mjomba, na anayepika ni mwingine kabisa: mke, binti, mkaza mwana, dada wa kazi. Huyo anayepika hajawahi kukaa kwenye lile benchi. Maneno ya daktari humfikia kwa kusimuliwa, tena yakiwa yamekatwa katikati: "Wamesema nisile sukari." Basi anamwondolea mgonjwa sukari kwenye chai, halafu anamwongezea ugali ili ashibe. Amefanya hivyo kwa mapenzi, na sukari ya mgonjwa inapanda.

Kwetu Tanga tunaishi na baba mkwe wangu mwenye kisukari, na mimi ndiye ninayeshika mwiko. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayajua kutoka upande wa jiko. Naamini kwa dhati kwamba kliniki itakayomwita mpishi pamoja na mgonjwa itaokoa miguu, macho na figo za watu wengi kuliko itakayoendelea kumhutubia mgonjwa peke yake.

Ukubwa wa jambo lenyewe unatisha. Miaka ya 1980 daktari Donald McLarty na wenzake wa hospitali ya Muhimbili walipima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1989 yalionyesha kisukari kwa takriban mtu mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Waliopimwa hawakuwa watu wa aina moja, wala njia za kupima hazikulingana, kwa hiyo si haki kuzipachika namba hizo mbili ubavu kwa ubavu kana kwamba ni kipimo kimoja. Hata hivyo, mtu yeyote aliyekulia kijijini na sasa anaishi mjini anaona kwa macho yake mambo yanaelekea wapi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajijui.

Sasa tuingie jikoni, tuanze na hesabu ambayo mpishi anaweza kuifanya akiwa ameshika mfuko wa unga. Kilo moja ya unga wa sembe ina wanga wa gramu 750 hivi. Watu wazima watano wakiimaliza kilo hiyo kwa mlo mmoja, kila mmoja amekula gramu 150 za wanga kabla hajagusa maharage wala tunda. Wataalamu wengi wanapozungumzia mlo wa wanga kidogo wana maana ya mlo usiozidi gramu 130 kwa siku nzima, na ule mkali zaidi hushuka chini ya gramu 50. Yaani mgonjwa wetu amevuka kiwango cha siku kwa ugali wa mchana peke yake, na bado hajanywa chai ya jioni.

Wanga huo ukifika tumboni huvunjwavunjwa ukawa glukosi, sukari ile ile inayopimwa kwa tone la damu kidoleni. David Unwin, daktari wa Southport huko Uingereza, amejulikana sana kwa kuwaeleza wagonjwa wake jambo hili kwa vijiko vya chai: gramu 150 za wali mweupe uliopikwa, ambazo ni bakuli dogo tu, hupandisha sukari ya damu kama vijiko 10 vya sukari. Maelezo haya nayapenda kwa sababu mpishi anayaelewa papo hapo. Mwambie mama wa nyumbani habari za mzigo wa glukosi, atakuangalia. Mwambie vijiko kumi, na mkono wake utasita juu ya sufuria ya wali.

Kuna imani iliyoenea sana ambayo lazima niitaje waziwazi, kwa kuwa inawaumiza watu wema. Inasema kwamba mgonjwa akihamia dona, mtama, ulezi au unga wa muhogo, basi ale atakavyo. Dona ni bora kuliko sembe, hilo halina ubishi. Pumba na kiini vimebaki, kuna nyuzinyuzi, na sukari hupanda taratibu zaidi. Lakini pima unga wenyewe. Unga wa nafaka hizi zote, na wa muhogo pia, una wanga kati ya gramu 70 na 85 katika kila gramu 100. Donge kubwa la dona bado ni donge kubwa la wanga. Uji wa ulezi nao, kwa kuwa ni unga laini uliokwisha lainishwa kwa maji na moto, hauchukui muda tumboni. Nimeona wagonjwa wanaokunywa kikombe kikubwa cha uji wa "lishe" asubuhi na mwingine usiku, wakiamini wanajitibu.

Kupunguza wanga kama tiba ni jambo la zamani kuliko sindano ya insulini. Mwaka 1797 John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika habari za ofisa mmoja aliyeitwa Meredith ambaye alimwekea mlo wa nyama na mafuta, akapata nafuu. Apollinaire Bouchardat, wa Paris, aliona wagonjwa wake wa kisukari wakipata nafuu wakati mji ulipozingirwa na Waprusi mwaka 1870 hadi 1871, chakula kilipoadimika. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini kwa mara ya kwanza mjini Toronto, madaktari hawakuwa na silaha nyingine ya maana ila chakula, na baadhi yao waliwanyima wagonjwa chakula mpaka wakabaki mifupa.

Katika historia hiyo yote, anayenivutia zaidi ni daktari Elliott Joslin wa Boston. Yeye aliamini kwamba mgonjwa lazima afundishwe, na akawaandaa wauguzi waliokwenda majumbani kuwafundisha wagonjwa na jamaa zao namna ya kuishi na ugonjwa huo, chakula kikiwa ndani yake. Insulini ilikuwa imeshapatikana, na bado aliona haja ya kumtuma muuguzi hadi nyumbani kwa mtu. Miaka mia moja baadaye sisi tunampa mgonjwa kikaratasi chenye picha ya sahani.

Kabla sijaendelea na mapishi, kuna onyo ambalo mpishi lazima alijue kama anavyojua moto unaunguza. Mgonjwa anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vya aina ya glibenklamidi, dozi yake imepangwa kulingana na wanga anaokula. Ukimpunguzia ugali ghafla na dozi ikabaki pale pale, sukari itashuka kupita kiasi. Atatetemeka, atatoka jasho jembamba, atasikia njaa kali, atachanganyikiwa, na anaweza kuzimia. Kipimo kikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe haraka vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri robo saa, pima tena. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kwa hiyo kopo la sukari lisiondoke katika nyumba ya mwenye kisukari, na mabadiliko makubwa ya chakula yaanze kwa daktari kuitazama dozi upya. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hapunguziwi wanga kwa uamuzi wa jikoni hata kidogo. Vivyo hivyo mama mjamzito. Mwenye figo zilizochoka naye asijazwe nyama na mayai bila kuuliza.

Hapo ndipo pana sababu nyingine ya kumwita mpishi kliniki. Yeye ndiye anayeamua saa ngapi chakula kinaiva, na mgonjwa aliyemeza dawa yake akisubiri chakula kilichochelewa yumo hatarini.

Basi tukae kwenye mkeka. Ushauri mmoja wa siku hizi unasema mtu aanze kula mboga na kitoweo, wanga aumalizie mwisho. Utafiti mdogo wa Weill Cornell huko New York, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mpangilio huo peke yake, kwa chakula kile kile na kiasi kile kile, ulipunguza kupanda kwa sukari baada ya kula. Haugharimu hata senti. Lakini walioandika ushauri huo wanakula kwa uma, sahani ina nyama upande huu na viazi upande ule. Kwetu ugali ndio chombo cha kulia. Unamega tonge, unalifinya, unalitia dole gumba, unachotea mchicha. Kila mchicha unaoingia mdomoni unabebwa na ugali. Ukimwambia mzee "kula mboga kwanza" bila kumpa kijiko, umemwambia jambo lisilowezekana, naye atanyamaza kwa heshima na kuendelea kumega.

Kwa hiyo tiba ya kwanza katika nyumba yetu ilikuwa kijiko. Baba mkwe huletewa bakuli la mboga na samaki kwanza, na kijiko chake, na sisi wengine tunaanza vivyo hivyo. Ugali huja baadaye. Mwanzoni alinitazama akauliza, "Mwanangu, na ugali je?" Nikamjibu, "Unakuja, baba. Anza na hiki." Ulipofika alikuwa ameshapunguza njaa, na tonge zake zikawa chache kuliko za jana bila mtu kumhesabia.

Jambo la pili ni sinia. Kula pamoja katika sinia moja ni utu wetu, na sitaki mtu aniambie niuache. Lakini katika sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenyeji humsogezea mgeni na mzee sehemu iliyo nene. Suluhisho letu ni kuugeuza ugali kwa kibakuli. Kila mtu anapata donge lake lililotoka kwenye kibakuli, la mgonjwa likiwa na ukubwa wa ngumi yake iliyofumbwa, na mboga na mchuzi vinabaki vya wote katikati. Donge la gramu 150 za ugali mgumu lina wanga unaokaribia gramu 40. Mtu anaweza kulipanga hilo katika siku yake. Na kwa kuwa kila mmoja ana donge lake, hakuna anayeonekana kuwa ametengwa.

Neno hilo, kutengwa, nalisema kwa uzito. Kosa kubwa ninaloliona katika nyumba zenye mgonjwa ni sufuria yake ndogo ya pembeni: maharage yasiyo na chumvi wala kiungo, kabichi iliyochemshwa ikalegea, chakula kinachonuka hospitali. Mtu huyo alikuwa kichwa cha nyumba, na sasa anakula vya peke yake huku wajukuu wakila pilau. Atavumilia muda, kisha utasikia amekula kwa jirani, au ameagiza chapati mbili kwa siri kwa muuza chai. Simlaumu. Tena watoto wake wana damu yake, na hatari ya kisukari iko kwao pia. Sufuria iwe moja, na iwe tamu.

Nasi watu wa Pwani tuna bahati ambayo hatuijui. Ondoa wali pembeni, tazama kinachobaki: samaki wa kupaka, mchuzi wa pweza, kamba wa nazi, kisamvu, mchicha, matembele, bamia, biringanya, nyanya chungu, kuku wa kienyeji, mishkaki, kachumbari ya ndimu na pilipili. Vyote hivi vina wanga kidogo sana, na samaki na nyama hawana kabisa. Samaki wa kupaka ni mlo wa mwenye kisukari ambao haukuwahi kuitwa hivyo. Changu anapasuliwa, anapakwa ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, anabanikwa nusu juu ya makaa, kisha anapakwa tui zito lililopikwa na manjano na pilipili mpaka likashika, anarudishwa motoni. Ukimla na bakuli la bamia hukumbuki kwamba wali haupo. Tui lina mafuta mazito, kwa hiyo mwenye lehemu nyingi ajipimie, asile mchuzi wa nazi kila siku.

Wa bara nao wana yao. Mlenda, mnafu, majani ya maboga yenye karanga, sukuma wiki ya Kenya, dagaa wa Kigoma na wa Mwanza, sato wa kuchoma, maini, firigisi. Nayataja makusudi kwa sababu watu wameambiwa kwamba mlo wa wanga kidogo ni wa matajiri, ni wa lozi na jibini. Ni kweli kwamba wanga ndio chakula cha bei nafuu, na fukara hushibishwa na unga. Hilo linaniuma, na sina jawabu lake lote. Lakini dagaa, mayai, maharage, mbaazi, choroko na kunde vipo kila genge. Jamii ya kunde ina wanga, ila umefungamana na nyuzinyuzi na protini, na sukari hupanda polepole. Nyumba isiyo na uwezo wa nyama inaweza kugeuza uwiano: maharage yawe mengi kuliko wali, na wali uwe kitoweo cha maharage. Mjini Mombasa watu hufungua kinywa kwa mbaazi za nazi na mahamri. Bakuli la mbaazi na hamri moja ni tofauti kabisa na mahamri manne yaliyochovywa kwenye mbaazi.

Na pilau? Kila mgonjwa huniuliza pilau. Jawabu ni kabichi, na lazima nieleze vizuri kwa sababu wengi huipika ikawashinda. Chukua kabichi ngumu, iliyofunga. Ikate nyembamba, kisha ichanje tena kwa kisu mpaka iwe vipande vidogo vinavyokaribia punje za mchele. Nyunyiza chumvi kidogo, iache robo saa kwenye chujio, halafu ikamue kwa mikono yote miwili mpaka maji yaache kudondoka. Wakati huo kaanga vitunguu maji mpaka vigeuke kahawia iliyokolea, maana rangi na harufu ya pilau hutoka hapo, siyo kwenye mchele. Tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kisha viungo vyako: binzari nyembamba, pilipili manga, karafuu, mdalasini, iliki. Tia nyama iliyokwisha chemshwa ikaiva pamoja na supu yake kidogo, iache ikauke mpaka yabaki mafuta. Ndipo kabichi inapoingia, moto ukiwa mkali na sufuria ikiwa wazi. Geuza kwa dakika nne au tano tu, epua. Ukifunika umeiharibu: mvuke unarudi ndani, kabichi inatoa maji, na unakuwa na mboga ya kawaida yenye harufu ya karafuu. Siku ya mgeni changanya kikombe kimoja cha wali ulioiva ndani ya sufuria nzima ya kabichi, na wengi watakula bila kuuliza.

Koliflawa hufanya kazi hii vizuri zaidi, na hupatikana Arusha, Lushoto na Nairobi bila shida. Kwingine ni ghali.

Upande wa sukari yenyewe, adui mkubwa yuko kwenye kikombe. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni vijiko sita hivi vya chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu ni vijiko tisa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ni kama vijiko tisa vingine. Ulimi hujifunza, lakini haufundishwi kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki, na wakati huo huo ongeza viungo: tangawizi iliyopondwa, iliki, mdalasini, mchaichai. Chai ya rangi yenye karafuu mbili haihitaji utamu mwingi ili iwe chai.

Kuhusu vitamu visivyo sukari, nasema hivi. Vinasaidia kuvuka kipindi kigumu, wala haviongezi sukari ya damu kama sukari yenyewe. Stevia hutoka kwenye mmea wenye asili ya Paraguay ambao siku hizi hulimwa pia Kenya. Sukralosi huvumilia moto, kwa hiyo unaweza kuokea. Aspatame hupoteza utamu ikipikwa muda mrefu, basi itie kikombeni baada ya kuepua. Tazama lakini pakiti: baadhi ya vitamu vya unga vimechanganywa na wanga wa kujazia. Na biskuti iliyoandikwa kwamba haina sukari imetengenezwa kwa unga wa ngano. Usisome maneno makubwa ya mbele. Geuza pakiti, tafuta mstari wa jumla ya wanga.

Asali, sukari guru na tende ni sukari. Zina harufu nzuri na historia ndefu, na nyingine zina heshima ya dini, lakini kongosho halitofautishi. Sharubati ya embe isiyoongezwa sukari nayo ni maembe matatu yaliyoondolewa nyuzinyuzi na kunywewa kwa dakika moja. Kula tunda lenyewe, nusu embe, ukimaliza mlo.

Watu hunung'unika kwamba wamenyimwa kitafunwa cha chai, na wana haki. Chapati moja kubwa ya ngano ina wanga usiopungua gramu 40. Hapa nina pendekezo ambalo limekaa chini ya pua zetu siku zote: machicha. Nazi ikikunwa na kukamuliwa tui mara mbili, machicha hutupwa au hupewa kuku. Humo kumebaki nyuzinyuzi nyingi, mafuta kiasi na wanga kidogo. Yatandaze kwenye sinia juani mpaka yakauke kabisa, au yakaushe kwenye kikaango kwa moto mdogo sana ukiyageuza yasibadilike rangi. Yatwange au yasage yawe unga. Kikombe kimoja cha unga huo, mayai manne, nusu kikombe cha tui zito, chumvi chembe, iliki, nusu kijiko cha chai cha bekingi poda. Koroga, uache dakika kumi, kwa sababu machicha hunywa maji taratibu na rojo huwa zito kuliko ulivyodhani. Likiwa zito mno ongeza tui kidogo. Likikatikakatika ongeza yai. Pika kwenye chuma cha vitumbua chenye mafuta kidogo, moto mdogo, ukifunika, na usigeuze mpaka kingo zikauke. Havitavimba kama vya mchele, na ndani vitakuwa vizito zaidi. Harufu yake ni ya vitumbua kamili, na watoto nyumbani hawaulizi vimetengenezwa kwa nini. Kwa wanaotaka kitafunwa cha chumvi na pilipili, unga wa dengu uliokorogwa na maji, vitunguu na dania, ukamiminwa kwenye kikaango kama chapati ya maji, hushibisha vizuri na wanga wake ni pungufu kuliko wa ngano.

Ramadhani ndiyo mtihani. Futari ya Pwani ni mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, tambi, uji, kaimati zilizozama kwenye shira, na tende juu yake. Uislamu umempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na aliye katika hatari kubwa anapaswa kuipokea ruhusa hiyo bila kujiona amepungua. Anayefunga kwa idhini ya daktari apime mchana. Wanazuoni wengi wanaona kutoa tone la damu kidoleni hakuharibu saumu. Akikuta chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungue hapo hapo. Magharibi ikifika, mpishi ampe maji, tende moja, kisha supu ya kuku au ya samaki. Aswali. Akirudi akute mboga, kitoweo, na kipande kimoja cha muhogo. Vyote hivyo vya futari haviwezi kuwa kwenye sahani moja, na mpishi ndiye mwenye uwezo wa kupika kimoja leo na kingine kesho.

Arusini na hitimani, mwenyeji mwema asimlazimishe mtu. "Onja kidogo tu, utanivunja moyo" ni maneno ya upendo ambayo yamewapeleka wengi wodini.

Kwa watendaji wa kliniki, ombi langu ni jepesi kutekeleza. Kwenye kadi ya mgonjwa pawe na nafasi ya jina la anayempikia, na angalau mara moja kwa mwaka waje wawili. Siku hiyo pawe na jiko la mkaa, sufuria na kibakuli, na ofisa lishe aonyeshe kwa mikono badala ya kutaja makundi ya vyakula. Vyama vya wagonjwa wa kisukari vinaweza kulisimamia hilo vizuri.

Nyumbani, wakati tukisubiri, mpishi anaweza kuanza na daftari. Vipimo vya kidoleni ni ghali, kwa hiyo msipime ovyo. Chagueni chakula kimoja mnachokipika mara kwa mara, tuseme ndizi za nyama au wali na maharage. Pimeni kabla mgonjwa hajala, pimeni tena saa mbili baadaye, mpishi aandike namba zote mbili pamoja na kiasi kilicholiwa: ngumi moja, vijiko vitatu vya wali, vipande viwili vya ndizi. Wiki ijayo chakula kile kile kwa kiasi pungufu. Wagonjwa wengi huwekewa lengo la kuwa chini ya 10 baada ya kula, ingawa wazee na wenye maradhi mengine hupangiwa lengo lao. Daftari likae jikoni, karibu na chumvi, na siku ya kliniki liende kwa daktari. Kipimo cha kliniki huchukuliwa asubuhi mgonjwa akiwa hajatia kitu mdomoni. Zile ndizi za nyama, na namna zilivyompandisha kutoka 7 hadi 14, anazijua mpishi aliyeziandika.